Mgonjwa wa Cibitoke

Kabla hatujafika Cibitoke kwa mgonjwa, lazima mumjue kwanza Seifu, maana bila Seifu mgonjwa huyo asingekuwepo.

Seifu ana miaka sitini na mbili na duka la vipuli vya magari pale Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao ukisimama dakika tano bila kushika spana watu wanakuuliza unaumwa nini. Duka ni zuri, lakini halikuwahi kumtosha. Alipokuwa kijana alikuwa golikipa, tena si golikipa mbaya, mpaka siku alipokutana na kodiani. Aliinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga biashara yake mjini, akajifunza nyimbo mbili, zote za huzuni, akazipiga kwenye harusi tano kabla watu hawajaanza kumficha tarehe. Baada ya kodiani ikaja kamera. Picha zilisafishwa jikoni, ndani ya beseni ambalo mke wake, Asiya, alikuwa akioshea mchele, na pilau ya Idi mwaka ule ilinukia duka la dawa. Wageni waliila kwa adabu kubwa.

Karate ilikuja na kuondoka na jino moja. Kushona kofia kulidumu miaka sita, na hapo kwa kweli alipata mkono, kwani mpaka leo mtoto wao Khaled, anayefanya kazi Kigoma, havai kofia nyingine. Kuogelea alijifunza akiwa na miaka hamsini na moja, kwa kitabu: anasoma ukurasa mmoja ufukweni, anakiweka kitabu juu ya viatu, anaingia ziwani kuujaribu. Ukurasa wa kiboko haukuwamo. Siku alipomwona kiboko alitoka majini kwa mtindo ambao hakuna mwalimu angeweza kuufundisha, na jioni ile ile alirudi kukifuata kitabu chake.

Hakuwahi kuwa bingwa wa chochote, wala hakujali. Aliyejali ni Asiya.

Asiya huyu ndiye anayewapikia mafundi wa mtaa chapati na maharage kila asubuhi. Anageuza chapati kwa vidole vitupu, hataki kusikia habari za kijiko, na huku mkono unageuza mdomo nao unafanya kazi yake. Kwa miaka thelathini na minne aliwapa mafundi chapati pamoja na habari za Seifu, na habari zilikuwa za bure. Walikuwapo waliokuja wameshiba kwao, wakaagiza chapati moja tu ili wasikie mzee ameanza nini wiki hii. Wakicheka, Asiya anacheka zaidi yao.

Kisha ikaja baiskeli. Seifu alikuwa ametimiza sitini alipojiunga na wazee wenzake wanaopanda hadi Bugarama milimani na kuteremka tena mjini kwa kasi ambayo hata madereva wa malori hawaipendi. Kwenye kona moja alikutana na mchanga. Aliyempigia Asiya simu alimwambia mzee wa baiskeli amekufa. Asiya alikimbia hadi hospitali bila viatu, akamkuta marehemu amekaa kitandani, mfupa wa bega umevunjika, anamuuliza nesi kama gurudumu limepona. Hakucheka siku hiyo. Alilia mpaka nesi akamletea kiti, kisha akamwambia Seifu moyo wake hauwezi tena, achague yeye au michezo. Seifu akamwangalia, akaapa pale pale: wallahi hataanza tena mchezo wowote, wala hatarudia wa zamani.

Na akashika kiapo chake, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Kodiani ikaingia chini ya kitanda. Baiskeli ikatundikwa ukutani. Mwaka mzima Seifu alikaa kwenye kigoda mbele ya duka, toka asubuhi mpaka alasiri, akitazama miguu ya wapita njia, na siku hizi petroli ikiwa ya kutafuta kwa tochi miguu ya kutazama Bujumbura haikosekani. Hakupiga hata mluzi. Mafundi walikula chapati zao kimya wakaenda zao. Asiya alijiambia mzee amepumzika. Nami nakuambia hakuwa amepumzika, alikuwa amezimwa, na Asiya alilijua hilo kila alipompelekea chai.

Sasa ndiyo tunafika Cibitoke, mtaa wa ng'ambo ya mto Ntahangwa.

Asiya alikwenda huko kuagiza kabati kwa seremala mmoja anaitwa Zénon, mtu mpole asiyesema maneno kumi kwa siku. Alifika gundi haijakauka, akaambiwa asubiri. Katikati ya karakana kulikuwa na meza ya pingipongi ambayo mteja aliiagiza kisha asirudi kuichukua, na mke wa Zénon, Dévote, ambaye watu humwita Mama Divin, mama wa makamo anayeimba kwaya kanisani, alikuwa ameifunga kipande cha chandarua kikuukuu katikati badala ya wavu. Dévote alikuwa amechoka kucheza na ukuta. Akamtupia Asiya raketi.

"Apana, Mama Divin," Asiya akasema. "Hiyo mambo iko ya watoto."

"Shika tu, gundi inakauka."

Asiya akashika. Mpira ukaja, na kabla hajafikiri kitu kifundo cha mkono wake kikageuka, kile kile cha chapati, taa! Mpira ukagusa kona ya meza ukatokomea kwenye maranda. Dévote alibaki ameinama mdomo wazi.

"Mana yanje, Mungu wangu!" akasema. "Rudia!"

Asiya akarudia. Kabati lilichukuliwa wiki hiyo, lakini moyo wa Asiya ulibaki pale pale mezani. Alikuwa na miaka hamsini na tisa na magoti yanayotabiri mvua, na alijikuta usiku anautazama ukuta huku mkono unacheza peke yake chini ya shuka. Jumanne na Ijumaa, akimaliza chapati, alikuwa njiani kwenda Cibitoke, anavuka daraja la Ntahangwa karibu anakimbia, anacheka peke yake barabarani, mtu mzima mwenye mjukuu!

Angemwambia nini Seifu? Mtu uliyemwapisha kwa machozi yako, unaenda kumwambia umepata mchezo? Basi akasema uongo. Akasema Mama Divin wa Cibitoke ameanguka, mgongo umemkatika, hana wa kumchua, na yeye Asiya anakwenda kumchua kwa mafuta mara mbili kwa wiki kutafuta thawabu. Seifu akasema Mungu amlipe. Asiya akasema amina, akashika njia ya darajani.

Kosa lake ni kwamba alisema uongo huo ndani ya Buyenzi. Kwingine unaweza kuzua mgonjwa akakufaa miaka. Buyenzi mgonjwa ni mali ya mtaa. Akishatajwa, lazima atazamwe.

Mwezi wa nne wa mchezo, Jumatano asubuhi, Seifu alikuja jikoni ameshika kikombe chake.

"Mama Khaled, mi nimefikiri," akasema. "Mutu anaumwa miezi ine, na sisi hatujaenda hata kumusalimia? Nimesema na Ustadh Ilyasi. Ijumaa, tukitoka musikitini, tunaenda wote."

Chapati ikamuunguza Asiya vidole, mara ya kwanza tangu aolewe.

"Lakini ameanza kupata nafuu," akasema haraka.

"Alhamdulillahi! Basi tutamupa pole na hongera pamoja."

"Nyumba yao iko ndogo sana, Baba Khaled."

"Tutakaa inje."

Na macho yake yalikuwa yamechangamka kidogo, kwa sababu hatimaye alikuwa na jambo la kupanga. Asiya aliliona hilo, akakosa nguvu ya kukataa. Kufikia adhuhuri Bi Houda alikuwa ameshapata habari. Bi Houda ni jirani wa nyumba ya tatu, hajawahi kukosa mgonjwa mtaani, na wapo waliopona ili tu aondoke. Alisema atakuja na uji.

Asiya akapiga simu Cibitoke. Alitaka Dévote ajilaze kitandani Ijumaa, saa moja tu, agune kidogo.

"Oya, apana," Dévote akasema. "Mi nilale kwa uongo? Mungu anaweza kunibakisha humo humo."

Walibishana mpaka salio likakaribia kwisha. Mwisho Dévote alikubali kukaa kwenye kiti, mgongo umefungwa bendeji, bila kusema neno, uongo wote auseme Asiya mwenyewe, kwa kuwa ni wake.

Ijumaa Asiya alifika Cibitoke mapema. Alikuwa amepiga hesabu zake vizuri. Swala inaisha kabla ya saa saba, watu wa Buyenzi wakitoka msikitini wanahitaji saa nzima kuagana, na Bi Houda hatembei, anasalimia tu huku akisogea. Haiwezekani wafike kabla ya saa tisa. Walimfunga Dévote bendeji kutoka kiunoni hadi kwapani, nyeupe safi, wakamkalisha kwenye kiti, wakamtazama. Alionekana anaumwa kweli. Kisha wakatazamana wote wawili, halafu wakaitazama meza.

"Iko saa saba na nusu tu," Dévote akasema.

"Apana, Mama Divin."

"Match moja. Umeshinda arobaini na moja, na mi nimeshinda arobaini na moja. Unataka tukae hapa tunaangaliana?"

Asiya hakutaka hata kidogo. Zénon akachukua penseli ya nyuma ya sikio, akaketi juu ya rundo la mbao tayari kuandika pointi, na kanga ya Asiya ikafungwa upya kiunoni.

Hesabu ambayo Asiya hakuipiga ni ya miguu ya Seifu. Mtu huyu alikuwa amepanda milima kwa baiskeli, na mwaka mzima miguu hiyo imekaa kwenye kigoda bila kazi. Alitoka msikitini amebeba kikapu cha machungwa kichwani, hakuaga mtu, na watu kumi na wanne wakajikuta wanakimbia nyuma yake kuvuka daraja, Ustadh Ilyasi ameshika kanzu kwa mikono miwili, Bi Houda anamwaga uji na kusema la haula kila kona. Saa nane kamili walikuwa mlangoni kwa Zénon.

Walichokiona ni hiki. Mgonjwa, amefungwa bendeji mpaka kwapani, anaruka juu kwa miguu yote miwili na kupiga kelele za ushindi. Mbele yake Asiya, mke wa Seifu, jasho linamtoka, mtandio umeteremka shingoni, anamwambia mgonjwa huyo kwamba safari hii atamkomesha. Zénon anaandika.

Mpira ulidondoka, ukaruka sakafuni mara nyingi, kila mara chini zaidi.

"Astaghfirullahi," Bi Houda akasema. "Amepona mbele ya macho yetu."

Asiya angeweza kuliokota hilo. Muujiza ulikuwa umeletwa kwenye sahani, alitakiwa aseme alhamdulillahi tu na watu wangeamini, maana watu wanapenda kuamini. Alifungua mdomo kabisa. Kisha akamwona Seifu, kikapu cha machungwa bado kichwani, anamtazama yeye, hamtazami mgonjwa, na akaona aibu iliyomshuka mwilini mpaka kwenye nyayo.

"Apana," akasema. "Hakuna mugonjwa. Mama Divin hajaumwa hata siku moja. Mi ndiye nilidanganya."

Seifu akateremsha kikapu. "Sasa ulikuwa unakuja kufanya nini?"

"Kucheza."

"Miezi ine?"

"Ine."

Seifu alitikisa kichwa polepole. "Na mi niko pale kwa kigoda," akasema.

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira Asiya angejua la kujibu, ana majibu ya hasira ya kutosha mtaa mzima. Alisema kama mtu anayeuliza njia, na Asiya akaanza kulia mbele ya wote, raketi mkononi.

"Baba Khaled, mi nilifikiri unatukimbia," akasema. "Kila ukitoka na kitu kipya nasema, nyumba haimutoshi, mi simutoshi. Miaka yote nacheka na mafundi, kumbe kule ndani inaniuma. Halafu ukaanguka, nikasema basi, nimeponea hapo, sasa atabaki. Na nimekuja hapa mi mwenyewe, nimeshika hii kitu, na sikukukimbia! Wallahi. Kila nikipiga mupira muzuri nageuka kukutafuta. Nataka uone. Halafu nakumbuka siwezi hata kukuambia."

Bi Houda naye alikuwa analia, lakini huyo hulia kila mahali. Asiya akajifuta uso kwa mtandio, akamgeukia Ustadh Ilyasi kwa ukali, utadhani yeye ndiye aliyeleta taabu yote.

"Ustadh! Mutu akiapa, kiapo kinafunguliwa namna gani?"

Ustadh alikuwa ameinama anaokota mpira. Alisimama, akakohoa, akakumbuka kazi yake.

"Akiona lililo bora kuliko kiapo chake, alifanye lile bora, kisha atoe kafara," akasema. "Alishe masikini kumi."

"Kumi? Mi nalisha ishirini! Chapati na nyama!"

"Kumi wanatosha, Mama Khaled. Lakini kiapo ni cha mzee. Lazima akubali umtolee."

Watu kumi na wanne wakamgeukia Seifu. Asiya naye akamtazama, na alijua fika kwamba akikataa, atakuwa na haki, na kigoda kile kitakaa mbele ya duka mpaka mmoja wao azikwe.

"Apana," Seifu akasema.

Karakana ikaguna.

"Uliniomba unalia," Seifu akaendelea. "Miguu yako ilikuwa inatoka damu. Mi nikipanda tena Bugarama, we utalala?"

Asiya alifikiria. Alitamani kusema ndiyo, lakini uongo wa wiki hiyo ulikuwa umemtosha.

"Apana," akajibu. "Nitaogopa. Kila Jumapili nitaogopa. Lakini woga iko wangu, nitaubeba mi mwenyewe, sitakubebesha tena. Na kofia ngumu ya kichwa utavaa! Hiyo siulizi mutu."

Mafundi wawili waliokuwa kwenye msafara wakacheka kwa nguvu, wakanyamaza. Seifu alijikuna bega, lile lililovunjika. Aliitazama meza, akapitisha kidole kwenye chandarua, akaukaza kidogo upande uliolegea, kwa kuwa hawezi kuona kitu kimelegea akakiacha. Kisha akamgeukia Zénon.

"Iko ngapi?"

"Kumi kwa Mama Divin," Zénon akasema. "Tisa kwa Mama Khaled."

"Pointi imebaki moja. Basi malizeni." Akapindua debe la gundi, akaketi mbele kabisa, mikono magotini. "Cheza, Mama Khaled. Mi niko hapa, naangalia."

Hebu fikiria hali ya Asiya. Wazee wa mtaa wamejipanga ukutani, Bi Houda anagawa uji uliobaki, na yule aliyekuwa akimtafuta kwa miezi minne amekaa mita mbili kutoka kwake, macho yamemtoka. Dévote, bendeji imeanza kufunguka na mkia wake unaburuzika, akarusha mpira juu, akaupiga. Asiya akaurudisha. Ukaja tena, akaurudisha tena, wakaenda hivyo mara sita, saba, msafara mzima unageuza shingo huku na huku. Halafu ukaja mmoja upande wa kushoto, mfupi, na kifundo cha mkono kikageuka chenyewe. Mpira ulipita juu ya chandarua kwa unene wa uzi, ukagusa kona ya mbali kabisa, ukakata kwenda pembeni. Maishani mwake hakuwahi kupiga mpira mzuri kuliko ule, na hajapiga tena mpaka leo.

Akageuka kumtazama Seifu.

Huo ndio ukweli, aligeuka mchezo haujaisha, kosa ambalo hata mtoto halifanyi. Dévote alijitupa, akaufikia mpira kwa ncha ya raketi, na mpira ukarudi taratibu, ukagonga meza upande wa Asiya, ukapita karibu na kiwiko chake, ukaanguka chini. Arobaini na mbili kwa arobaini na moja. Dévote akapiga vigelegele, Zénon akaandika, mafundi wakashika vichwa.

Asiya hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa anamtazama mumewe, ambaye ameruka kutoka kwenye debe, mikono yote miwili hewani, bega bovu na zima, anapiga kelele karakana nzima: "Nimeona! Mama Khaled, nimeona! Ile nimeiona!"

Na huku bado anapiga kelele, alikuwa ameshaanza kuvua koti, mkono mmoja ukiomba raketi.